Je, Wajua? Kompresa ya gitaa ikigoma, mara nyingi bado ni nzima

Uko Mwera, mkoani Tanga, shughuli ni kesho, na pedali ya kompresa imenyamaza. Kabla hujavuka Mto Pangani kutafuta fundi, soma haya.

JE, WAJUA kwamba Tanga ni chimbuko la magitaa yaliyovuma Afrika Mashariki nzima? Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za huku. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuhamia Kenya, ambako Simba Wanyika ilianzishwa mwaka 1971. Kwenye taarabu, Black Star ya Tanga ilipiga gitaa la umeme na besi, huku Shakila Saidi akiimba.

JE, WAJUA kompresa inafanya nini? Uzi ukipigwa kwa nguvu, inaibana sauti. Ukipigwa polepole, inaiinua. Noti za solo zinalingana na kudumu zaidi.

JE, WAJUA kwamba kuchomeka waya wa gitaa ndiko kunakowasha pedali nyingi? Tundu la kuingizia lina mguu wa ziada unaounganisha njia ya betri. Ukiuacha waya humo usiku kucha, betri inaisha hata kama taa imezimwa. Na tundu likilegea, pedali haipati umeme ingawa betri ni mpya.

JE, WAJUA kwamba betri mpya ya volti 9 kwa kawaida husoma zaidi kidogo ya 9 kwenye mita? Ikisoma 7, badilisha kwanza, kisha ndipo ulaumu kitu kingine.

JE, WAJUA kwamba adapta ya redio inaweza kuiua pedali kwa sekunde moja? Pedali nyingi za volti 9 zinataka hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi zina chanya katikati. Habari njema: pedali nyingi zina diodi ya ulinzi, mara nyingi 1N4001 au ya jamii yake, inayojitoa mhanga ili chipu zipone. Ikiungua na kupiga shoti, pedali huonekana imekufa kabisa. Ibadilishe, ni kati ya vipuri vya bei rahisi kuliko vyote.

JE, WAJUA kwamba mngurumo mzito mara nyingi hautoki kwenye pedali? Chomoa adapta, weka betri. Mngurumo ukikoma, mkosaji ni adapta.

JE, WAJUA kwamba mvumo mwembamba usipopiga nyuzi si lazima uwe ubovu? Kompresa huinua kila sauti ndogo, na kelele za waya na gitaa zimo. Punguza kitufe cha kurefusha sauti kabla ya kushika bisibisi.

JE, WAJUA kwamba hewa ya bahari ni adui wa kila siku wa vifaa hivi? Chumvi na unyevu hula shaba na kuacha utando wa kijani kwenye matundu, swichi na miguu ya vipuri. Safisha kwa spiriti kali isiyo na maji mengi na mswaki laini, acha ikauke, kisha washa. Voliumu inayokwaruza ukiizungusha, ipulizie dawa ya kusafishia voliumu, halafu izungushe mara nyingi huku na huku.

JE, WAJUA kwamba dalili moja tu inaweza kukuonyesha pa kuanzia? Sauti ikipita pedali ikiwa imezimwa lakini ikapotea ukiiwasha, kagua umeme na bodi. Isipopita kabisa, kagua waya, matundu na swichi ya mguu. Angalizo: pedali zenye swichi ya kielektroniki, kama Boss CS-3 ya mwaka 1986, hazipitishi sauti bila umeme hata zikiwa zimezimwa.

JE, WAJUA kwamba amplifaya yako inaweza kuusaka ubovu ndani ya bodi? Chukua waya uliochomekwa kwenye amplifaya, unganisha upande wake wa ardhi na ardhi ya pedali, na kwenye ncha ya sauti funga kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mtu mmoja apige gitaa, mwingine aguse kwa mguu wa kapasita hatua kwa hatua kuanzia tundu la kuingizia. Sauti inapopotea, ubovu upo hapo. Fanya hivi kwa pedali inayotumia betri tu, kamwe si ndani ya amplifaya, kwani umeme wake unaua.

JE, WAJUA kwamba chipu CA3080, moyo wa kompresa ya zamani ya MXR, Dyna Comp, haitengenezwi tena? LM13700 ina vikuza sauti viwili vya aina hiyo, lakini ina miguu 16 badala ya 8, hivyo haipachikwi moja kwa moja. Kwa hiyo usiing'oe chipu kabla ya kuhakiki umeme, swichi, maungio ya risasi yaliyopasuka na kapasita zilizokauka.

JE, WAJUA kwamba fundi redio wa mtaani kwako anavijua karibu vipuri vyote hivi? Diodi, kapasita na voliumu ni zilezile anazobadilisha kila siku. Usimpelekee pedali ukisema tu "imekufa". Mwandikie dalili: inanyamaza lini, ikiwa na umeme gani, ulishajaribu nini. Utamwokolea muda, nawe utaokoa pesa. Pedali inayotengenezeka isitupwe jalalani.