Bega liliniuma, hofu ikanifunga

Unaogopa kuinua mkono kwa sababu bega linauma? Mwenzenu nimepita huko, na nusura bega linivunjie ndoa.

Siku ile baba watoto alirudi safari baada ya wiki tatu. Alishusha begi mlangoni, akanifuata jikoni nilikokuwa nasonga ugali kwa mkono wa kushoto, akataka kunikumbatia kwa nyuma kama kawaida yake. Niliruka kando kama mtu aliyeunguzwa. Mwiko ukadondoka. Akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini maneno ambayo sitayasahau: "Mama, kama kuna mtu mwingine niambie tu."

Mpenzi msomaji, huyo mtu mwingine alikuwa bega langu la kulia.

Lilivyoanza

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 48, na naishi Likombe, hapa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mwaka juzi mwezi wa kumi, korosho zikiwa zimeanza kudondoka, nilianza kusikia maumivu begani. Sikuanguka wala sikugongwa na kitu. Nikajua ni uchovu wa shamba, si unajua tena msimu wa korosho ulivyo: kuinama, kuokota, kunyofoa kwenye mabibo, kubeba ndoo.

Msimu ukaisha, maumivu yakabaki. Ilipofika Januari nilikuwa nashtuka usingizini kila nikigeukia kulia. Darasani nikawa naandika tarehe katikati ya ubao maana juu sifiki. Kufunga sidiria kwa nyuma ikawa mtihani. Kusuka nywele za binti yangu ndo kabisa, nikaacha.

Ushauri haukukosekana. Wapo waliosema ni baridi yabisi, wapo waliosema nimelalia mkono, na wapo walionong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Bibi mmoja jirani, kwa nia njema kabisa, alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto mpaka nikalia. Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi.

Nikaenda kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Aliyenihudumia aliligusa bega mara moja tu, akaandika vidonge vya maumivu, akaniambia: "Bega limechakaa hilo, mwalimu. Ukilichezea litachanika. Lipumzishe."

Vidonge viliisha baada ya siku tano. Neno "litachanika" lilikaa kichwani mwangu miezi mitano.

Nyumba nzima ikaogopa

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia ukawa kama yai. Niliubana ubavuni, nikitoka naufunga kwa kanga. Kwenye daladala nilingoja mpaka nipate kiti, maana kushika bomba la juu nilijua ndo mwisho wangu. Kwenye kitchen party ya mdogo wangu wenzangu walirusha mikono juu na kupunga leso, mimi nimekaa kwenye kona kama mgeni asiyejua ngoma. Aliyekuja kunisalimia nilimpa mkono wa kushoto, na wengine wakaona nimewadharau.

Nyumbani nako walinipenda kupita kiasi. Binti yangu alifua na kuanika. Baba watoto, akiwepo, alichota maji kwa baiskeli na kunishushia hata sufuria kwenye kabati. Nikinyanyua kiwiko tu, sauti tatu zinapigwa kwa pamoja: "Mama, usiinue!" Na mimi natii.

Kisha nikahama chumba. Mume wangu akilala hugeuka sana, nami niliogopa asije akaniangukia bega. Nikaenda kulala na binti yangu. Nilimwambia naumwa, basi. Sikumwambia kwamba naogopa. Aliona mke anayemkwepa mchana, anahama kitanda usiku, na hataki kushikwa. Nikae nimlaumu kwa swali lake? Hata ningekuwa mimi ningeuliza.

Kumbe hofu nayo ina jina

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenivuta mpaka hospitali mjini, kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Nilimkuta dada mdogo kabisa, wa kunizaa angekuwa mwanangu wa kwanza. Baada ya shikamoo hakukimbilia bega. Aliniuliza: "Mwalimu, unafikiri nini kitatokea ukiinua huo mkono?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Litachanika."

Akanilaza chali, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili kama anayebeba mtoto mchanga, akaniambia nivute pumzi na niuachie uzito wote. Akaanza kuupandisha taratibu, huku akiniuliza habari za wanafunzi wangu. Mkono ulifika mahali ambapo sikuufikisha kwa miezi mitano. Uliuma, siwadanganyi. Lakini haukuchanika. Halafu ukafika mahali ukakwama kweli, na hapo hata yeye hakuweza kuusogeza zaidi.

Akanieleza kwamba nina matatizo mawili yaliyoshikana.

La kwanza ni bega lililoganda. Kiungo cha bega kimezungukwa na utando kama kifuko. Katika ugonjwa huu utando huo huvimba, kisha huwa mnene na kusinyaa, mkono ukakosa nafasi ya kuzunguka. Jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, Ernest Codman. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume. Kwa kawaida hupita hatua tatu: ya maumivu makali, ya kukakamaa, na ya kulegea. Safari nzima huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wenye kisukari hulipata zaidi kuliko wengine, ndiyo maana alinituma nikapime. Sukari yangu ikakutwa iko juu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania wana kisukari, na wengi huwa hawajui. Mimi nilijulishwa na bega.

La pili ni hofu ya kujongea. Wataalamu wa Marekani waliipa jina mwaka 1990, kinesiofobia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mwendo na hofu. Kuna hata dodoso la kuipima lenye maswali 17, linaloitwa kipimo cha Tampa. Maana yake ni mtu kuamini kwamba akisogeza kiungo kinachouma atakiumiza zaidi, hivyo anaacha kukisogeza. Akiacha, misuli inalegea na kiungo kinakakamaa. Siku akijaribu kidogo, kinauma kuliko jana, naye anasema, "Si mmeona? Nilijua!" Anaogopa zaidi, anasogea kidogo zaidi. Duara hilo halina mlango mpaka mtu auvunje mahali.

Msinielewe vibaya. Hofu haikuleta ugonjwa wangu, na maumivu hayakuwa ya kujitungia. Utando ulikuwa umesinyaa kweli. Lakini juu ya kukakamaa kwa kweli niliongeza kwangu, kwa kuibana misuli saa 24. Kuna madaktari waliowapima baadhi ya wagonjwa wa bega lililoganda wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, wakakuta mkono uliokataa mtu akiwa macho unakwenda mbali zaidi akiwa amelala. Mwili ulikuwa unajilinda.

Baba naye akaitwa

Kabla sijatoka yule dada akasema: "Mara ijayo njoo na baba." Nikacheka kwa aibu. Baba gani wakati hata hatuongei vizuri?

Alikuja. Alikaa kwenye benchi amekunja uso, mikono magotini. Dada akamwonyesha mfano wa mifupa, akamweleza yote, kisha akamwambia kwa heshima: "Baba, umemsaidia mama kwa moyo wote. Sasa naomba umsaidie kwa namna nyingine. Kila mnapomwambia asiinue, mkono unasahau kazi."

Mume wangu akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo nikimshika, simuumizi?"

Jamani, pale ndipo machozi yalinitoka. Kumbe naye alikuwa anaogopa. Tangu siku ya mwiko hakunigusa kwa sababu alidhani simtaki, na alipoanza kuelewa kwamba naumwa, akaogopa kunivunja. Watu wawili tumelala vyumba viwili, kila mmoja akimlinda mwenzake na kitu ambacho hatujakizungumza.

Usiku ule tulizungumza mpaka jogoo la kwanza. Nilimwambia wazi: upande huu shika, upande huu subiri, nikisema basi ni bega linasema basi, siyo mimi. Nikarudi chumbani kwangu. Tulibadilishana upande wa kitanda, na mto mmoja mdogo ukawekwa chini ya mkono wangu. Suala dogo hilo, na lingeweza kufanyika tangu Januari.

Mistari ya chaki

Mazoezi yalikuwa ya kawaida, vifaa vyote viko nyumbani. Kuinama kidogo nimeegemea meza na kuuachia mkono uning'inie na kubembea kama timazi, zoezi linalojulikana kwa jina la huyohuyo Codman. Kulala chali na kunyanyua mpini wa jembe kwa mikono miwili, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa. Kupitisha kanga mgongoni kama anayejifuta, mkono wa juu ukiuvuta wa chini taratibu. Na kutembeza vidole ukutani kama buibui, kupanda juu.

Hilo la ukuta ndilo lililotuunganisha. Kila Jumapili jioni baba watoto, akiwa nyumbani, alichukua chaki yangu na kupiga mstari pale vidole vilipofika. Akiwa safarini anapiga simu: "Mwalimu, leo mstari uko wapi?"

Haikuwa kupanda tu. Wiki ya sita nilijiona mzima, nikabeba ndoo mbili za maji kwa mpigo. Siku mbili sikulala, na neno lile likarudi: litachanika. Nikarudi kwa dada nimeubana mkono ubavuni. Akanipa kanuni ninayoitumia mpaka leo: toa alama maumivu yako kutoka 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi, yakifika 4 na kesho yake yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakizidi hapo au yakidumu zaidi ya siku moja, punguza kiasi, lakini usiache. Maumivu yanakwambia bega lina hasira. Hayasemi kila mara kwamba linaharibika.

Kama na wewe unasumbuliwa

1. Pata jina la ugonjwa kwanza. Si kila bega linalouma limeganda. Muulize anayekutibu: ni nini, na nikisogeza nini kitatokea?

2. Pima sukari, hasa ukiwa umevuka miaka 40.

3. Uliza dawa. Katika hatua ya maumivu makali, sindano ya steroidi kwenye kiungo huwasaidia baadhi ya watu wafanye mazoezi. Ukiwa na kisukari sema mapema, maana huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

4. Usikandwe kwa nguvu. Kulazimisha bega lenye hasira kunaongeza maumivu na hofu.

5. Anza na unachokiogopa kidogo. Leo sufuria la rafu ya kati, mwezi ujao la juu.

6. Mwambie mwenzako unaogopa nini. "Naumwa" peke yake haitoshi.

7. Kama wewe ndiye mume, mke au mtoto, punguza kusema "usiinue". Sema "taratibu, nipo hapa".

Wahi hospitali bila kungoja mazoezi ikiwa umeanguka na ghafla huwezi kuinua mkono, bega limevimba lina joto na una homa, mkono umekufa ganzi au unakosa nguvu, au unakonda bila sababu. Na maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Hayo ni ya dakika ile ile.

Leo nikoje?

Mwaka na miezi kadhaa umepita. Mkono haujarudi wote. Sidiria naifungia mbele halafu naizungusha, na usiku wa baridi bega hunikumbusha lipo. Dawa za sukari nameza, na ubwabwa nimeupunguza, ingawa jirani zangu wanasema nimeanza kuringa.

Muhula uliopita niliandika tarehe juu kabisa ya ubao. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema kwa sauti, "Mwalimu leo amefika!" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao.

Ukuta wa chumbani kwetu una mistari 31 ya chaki. Sikukuu ilipokaribia nilitaka tupake rangi nyumba nzima. Baba watoto alikubali kuta zote, akasema ule mmoja usiguswe.