Umenaswa Ndani ya Vim? Usizime Kompyuta, Bwana!

Wiki hii tunaongelea kodi. Siyo ile ya TRA, wala ile ya mwenye nyumba anayekugongea alfajiri. Ni ile wanayoandika watengeneza programu. Na usidhani hayo ni mambo ya Masaki au ya watoto wa UDOM peke yao. Hapa Mlali, wilaya ya Kongwa, katikati ya mahindi na alizeti, kuna vijana wanabofya laptopu za mtumba mpaka herufi zimefutika kwenye kibodi.

Laptopu ya mtumba unaijua. Ukiiwekea Visual Studio Code na memori yenyewe ni GB 2, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Ndiyo maana wengine wanakimbilia Vim. Ni nyepesi, ni ya bure, haihitaji mausi, na ukishaiweka haili bando. Hata simu ya Android inaipokea kupitia Termux. Humo kitufe cha kupunguza sauti ndiyo Ctrl yako, na cha kuongeza sauti ukikishika pamoja na e ndiyo Esc.

Sasa kasheshe. Unaifungua mara ya kwanza, unaandika haiandiki, unafuta haifuti, unataka kutoka haikuachii. Usijione mshamba. Mwaka 2017 Stack Overflow, kijiwe kikubwa cha watengeneza programu duniani, walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim limefunguliwa zaidi ya mara milioni 1. Wazungu nao wananaswa!

Siri ni kwamba Vim ina hali ya kuamuru na hali ya kuandika. Ukiingia tu uko kwenye kuamuru, kila herufi ni agizo. Bonyeza i ndiyo uandike. Ukimaliza bonyeza Esc, unarudi kwenye kuamuru. Kutoka ni Esc, halafu :q na Enter. Kuhifadhi na kutoka ni :wq. Kutupa uliyoyafanya ni :q! na hiyo alama ya mshangao maana yake "sitaki mjadala".

Skrini imeganda? Kwenye Vim ya zamani, huenda umepiga Ctrl na S ukidhani uko kwenye Word. Haijafa, imeambiwa inyamaze. Piga Ctrl na Q, itaamka. Vim imepotea ghafla? Labda umegusa Ctrl na Z. Andika fg, Enter, inarudi. Inafanya vituko? Tazama Caps Lock kwanza, maana j ndogo inakushusha mstari wakati J kubwa inaunganisha mistari miwili. Ukiharibu, Esc kisha u. Ukirudi nyuma mno, Ctrl na R. Na kodi uliyonakili ikijipanga kama ngazi, andika :set paste kabla ya kubandika, kisha :set nopaste.

Lakini kimbembe chenyewe ni umeme. Mshkaji mmoja hapa alipata dili la mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, programu ya kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka. Nusu ya mshiko ilikuwa imesubiri siku ya kukabidhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, pa! Giza. Betri ya laptopu yake ni pambo tu. Umeme uliporudi akafungua faili, akakutana na maneno mengi yanayoanza na E325: ATTENTION. Jasho likamtoka, akataka kufuta yote aanze upya.

"Kaka, tulia," nikamwambia. Onyo lile ni habari njema. Vim huweka nakala ya pembeni, jina lake linaanza na nukta na kuishia na .swp. Kwa kawaida inaandika humo kila ukifikisha herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Hakikisha kwanza faili halijafunguliwa kwenye dirisha jingine, maana onyo ni lile lile. Kisha bonyeza R, kagua kazi, hifadhi kwa :w na utoke. Fungua tena, na sasa ndiyo ubonyeze D kuifuta nakala. Ukianza na D umejichoma mwenyewe. Jamaa alikosa mstari mmoja tu, na asubuhi akapanda gari la Kibaigwa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: Vim ina undugu na sisi. Mtunzi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 akaja kujitolea mwaka mzima Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu. Alishughulikia maji na usafi kwenye kituo cha watoto, eneo ambalo Ukimwi uliacha yatima wengi. Aliporudi kwao akaanzisha mfuko wa ICCF Holland, akawaambia watumiaji: programu chukueni bure, mkijaliwa wasaidieni watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi kila aliyeifungua Vim tupu alikutana na ombi hilo. Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62, na toleo la 9.1 la Januari 2024 likatolewa kwa heshima yake.

Habari yenyewe imo humo humo. Andika :help uganda, Enter, usome. Kutoka je? Si nimeshakwambia!