Mbio za Ridhaa: Mtu na Nafsi Yake

Likitajwa neno marathoni, wengi huwakumbuka mabingwa tu. Marehemu Kelvin Kiptum alizimaliza kilomita 42 na mita 195 kule Chicago, mwaka 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Lakini nyuma ya mabingwa hufuata umati wa wakimbiaji wa ridhaa: makarani, walimu na wachuuzi, wasiotazamia tuzo wala kutajwa.

Jamaa yetu mmoja wa Mombasa, mkazi wa Nairobi, kauhesabu mwaka wake kwa mbio hizo: Moshi, Eldoret, Lewa mwezi wa Juni, kisha Nairobi kwenyewe. Mazoezi yake ni baada ya sala ya alfajiri, kutoka Dagoretti Corner kwa Barabara ya Ngong hadi mjini, kabla matatu hazijaijaza njia.

Kwa mwana wa pwani, adui wa kwanza ni hewa. Nairobi i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ni hafifu, na mwili huhitaji majuma kadhaa kuizoea. Mgeni hutweta kama mvuvi avutaye jarife peke yake.

Adui wa pili ni nafsi. Zikipita kilomita 30, akiba ya nguvu hukauka, na nafsi hunong'ona: "Kaa kitako." Aliyetimka mwanzoni hukwama hapo, aliyejiwekea hufika.

Mwaka mzima jamaa yetu hakushinda hata mbio moja. Kapata nini basi? Kaijua kadiri yake. Na aijuaye kadiri yake, ndugu msomaji, hata akifika wa elfu tatu, hakushindwa.