Kijana wako anajifunza programu? Mupe fishi ya mushahara

Wandugu wafanyakazi, nanyi ba mama ku nyumba, kila mwisho wa mwezi tunapokea fishi ya mushahara, tunaangalia namba ya chini, kisha tunaikunja. Mustari wa saa za kuzidi, ni wachache wanauhesabu. Na ni ule mustari ndio unaleta maneno mingi ku biro ya sendika. Sasa mu nyumba zetu kuko vijana wanaojifunza programu. Mara mingi wanapewa mazoezi ya kuhesabu machungwa. Leo tunawapa zoezi lenye feza ndani.

Zoezi linafanywa mu Python, luga ya programu ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi alitoa mu 1991. Tunaliandika mu kaye ya Jupyter. Kaye hii si karatasi. Ni ukurasa wa ordinatere wenye visanduku. Mu kisanduku kimoja unaandika maelezo kwa maneno yetu, mu kingine unaandika programu, unafinya, na jibu linatoka pale pale chini. Ukikosea, unatengeneza kile kisanduku tu, hauanzi yote upya. Jupyter ni ya bure, na ikiisha kuwekwa mu ordinatere inatumika hata bila intaneti. Mwenye telefone tu anaweza kufungua Colab ya Google, lakini pale intaneti ni lazima.

Fonksio nayo ni nini? Ni kazi moja iliyopewa jina. Fikiri mashine ya kusaga: unatia mahindi, unga unatoka. Jirani akileta yake, hatujengi mashine nyingine. Vilevile fonksio: unatia namba, inahesabu, inarudisha jibu. Unaiandika mara moja, unaitumia kwa fishi mia.

Tuanze na kanuni. Kode ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa juma. Saa 6 za kwanza zenye kuzidi zinaongezwa 30 kwa mia, zenye kufuata 60 kwa mia. Za siku ya kupumzika ao sikukuu zinaongezwa 100 kwa mia, lakini zile tuziache kwa zoezi la pili. Kama konvansio ya kampuni yenu inatoa zaidi, andika ya konvansio.

def kuzidi(saa, bei):
    zaidi = max(saa - 45, 0)
    sita = min(zaidi, 6)
    baki = zaidi - sita
    return sita * bei * 1.3 + baki * bei * 1.6

Mustari wa kwanza unapana jina na vitu viwili vya kutia: saa za juma na bei ya saa moja. Wa pili unatosha 45. Kama hazikufika, ni sifuri. Wa tatu unachukua saa za kuzidi, lakini haupiti 6. Wa ine ni zenye kubaki. Wa mwisho unarudisha feza.

Mbele ya kuamini mashine, shika kalamu. Tuseme saa moja ni franga 3 000 na juma lilikuwa na saa 54. Zenye kuzidi ni 9. Saa 6 kwa 3 900 ni 23 400. Saa 3 kwa 4 800 ni 14 400. Jumla 37 800. Andika kuzidi(54, 3000) mu kisanduku kingine, ufinye. Inapashwa kujibu 37800.0. Kisha pima fasi za mupaka: 45 inatoa sifuri, 46 inatoa 3 900, 51 inatoa 23 400, 52 inatoa 28 200. Ni pale ku mupaka ndipo makosa yanajificha.

Wanafunzi wanaanguka mu mitego miwili. Wa kwanza: wanaandika print fasi ya return. Jibu linaonekana, wanafurahi. Lakini kuonyesha si kurudisha. Keshia akikuonyesha feza nyuma ya kioo, haujalipwa bado. Fonksio yenye kuonyesha tu, hauwezi kujumlisha majibu yake ya majuma ine.

Wa pili: kaye inakumbuka. Kama bei iko mu kisanduku cha juu, ukaibadilisha bila kufinya, hesabu itaendelea na bei ya zamani. Kwa hiyo, mbele ya kuonyesha mutu hesabu yako, anzisha kaye upya na ufinye visanduku vyote toka juu mupaka chini.

Sasa zoezi lenyewe. Majuma ine: saa 54, 45, 40 na 51. Ita fonksio mara ine, ujumlishe. Unapata saa 15 za kuzidi na franga 61 200. Lakini mutu akichanganya mwezi wote, saa 190 kutosha 180, anaona 10 tu. Saa 5 zimepotea, na hakuna mutu aliiba kwa macho: juma la 40 limemeza jasho la juma la 54. Kama posti zenu zinazunguka usiku na muchana, muulize delege namna konvansio inahesabu, kisha mubadilishe fonksio.

Neno moja ya mwisho, wazazi. Fonksio haijui saa ngapi ulitoka ku kariere. Inajua tu namba uliyotia. Andika pwantaje yako kila siku, saa ya kuingia na saa ya kutoka, ku karatasi yako mwenyewe. Jioni, mupe kijana aihesabu. Siku fishi na kaye vitakosana, njoo na vyote viwili ku biro ya sendika. Pale hatutabishana kwa makelele, tutabishana mustari kwa mustari.