Klabu ikinunuliwa, mashabiki wa Ruangwa hubaki na nini?

Kipindi cha usajili kinapofika, minong'ono ya mashabiki wa soka nchini haiishii kwa wachezaji. Klabu nzima nayo hukisiwa kuwa imo sokoni: nani anaitaka, ataihamishia mkoa gani na itaitwaje. Kwa wapenzi wa Namungo FC ya Ruangwa, wakiwamo wa Nachingwea ambao hawana timu ya Ligi Kuu kwao, ukisiaji wa namna hiyo si porojo tupu, kwa kuwa yamekwisha kuwakuta wengine.

Mfano wa karibu ni Ihefu. Timu hiyo ya Mbarali, mkoani Mbeya, ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 2-1 Novemba 2022 na kukata mwendo wa mabingwa hao wa kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mashabiki waliofurika Ubaruku siku ile walidhani wamepata timu ya kudumu. Kabla msimu wa 2023/24 haujamalizika, Ihefu ilikuwa imehamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Singida nako kulikuwa na historia yake: mwaka 2022 timu ya DTB, baada ya kupanda daraja, iligeuzwa kuwa Singida Big Stars, mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, mwaka uliofuata ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati, mkoani Manyara. Shabiki wa Singida aliyetaka kufuata timu moja kwa miaka mitatu alihitaji daftari.

Mnunuzi hulipia nini hasa? Wengi hutaja wachezaji, lakini mikataba ya wachezaji ni ya muda na huisha. Uwanja mara nyingi ni mali ya halmashauri au ya chama tawala. Kinachobaki chenye thamani kubwa ni nafasi katika ligi. Kuanzisha timu mpya na kuipandisha kutoka madaraja ya chini hadi Ligi Kuu huchukua miaka kadhaa, na mafanikio hayana uhakika. Mwenye fedha anayetaka kucheza na Simba na Yanga msimu ujao huona nafuu kununua timu ambayo imekwishafika. Azam, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuingia Ligi Kuu mwaka 2008, ilichagua njia ndefu. Ni wachache wenye subira hiyo.

Urahisi wa kuuzwa hutegemea aina ya umiliki. Klabu ya wanachama huwa na katiba iliyosajiliwa katika Baraza la Michezo la Taifa, na jambo zito kama kubadili umiliki hupaswa kupita mkutano mkuu. Ndiyo maana safari ya Simba ilikuwa ndefu. Mohammed Dewji alipotangazwa mshindi wa zabuni Desemba 2017, kwa ahadi ya Sh20 bilioni, Serikali ilisisitiza kuwa wawekezaji wasizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Timu iliyo mikononi mwa mtu mmoja, kampuni au taasisi haina kizingiti hicho. Mwenyewe akikubaliana na mnunuzi, na mamlaka za soka zikaridhia, shabiki husikia habari redioni kama watu wengine.

Namungo haikuchukua muda kuwafanya watu waione kuwa yao. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Agosto 2020 mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Msimu uliofuata ilivuka hadi makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, baada ya kuitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5. Kundi lake lilikuwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Hata hivyo, mechi hizo za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam. Mkulima wa korosho wa Nachingwea aliyetaka kuwaona Raja alipaswa kusafiri mamia ya kilomita.

Uwanja wa Ruangwa una jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu mwaka 2010 na Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Julai 2025 alitangaza kutogombea tena. Haihitaji unajimu kutambua kwa nini shabiki wa timu ya wilaya ndogo huanza kukisia mambo kiongozi wa ngazi hiyo anapoondoka madarakani, kwani fedha za wafadhili wa soka letu huwafuata watu zaidi ya kuzifuata timu.

Uingereza, Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhama London kwenda Milton Keynes, mashabiki wake waliunda AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa na kuingia ligi ya kulipwa mwaka 2011. Waliweza kwa sababu walijiandikisha kuwa wamiliki, kila mmoja kwa ada yake. Kwetu wengi hununua jezi na tiketi, wala hawaulizi kama klabu ina daftari la wanachama.

Kwa anayetaka kupima minong'ono, jina la tajiri anayetajwa lisimshughulishe sana. Aangalie kama timu imeomba kubadili uwanja wa nyumbani katikati ya msimu. Aulize mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na nani waliruhusiwa kupiga kura. Kisha aulize katiba iliyosajiliwa inamtaja nani kuwa mmiliki. Mbarali, uwanja ulihama kwanza, jina likafuata.