Jeli inayoganda kwenye joto

Tangu Juni 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilipoidhinisha jeli ya pili ya aina yake, safari hii kwa saratani ya kibofu cha mkojo, maswali ya wasomaji hayajakatika. Wengi wanauliza kama ni kweli imepatikana jeli inayoisaka saratani popote ilipojificha mwilini. Hapana. Jeli hii haisaki chochote. Daktari ndiye anayejua uvimbe ulipo, na ndiye anayeipeleka kwa katheta, yaani mpira mwembamba. Kazi ya jeli ni kukaa pale ilipowekwa.

Na kukaa ndiko kulikoshindikana. Mitomaisini, dawa inayozifunga nyuzi za DNA ili seli ya saratani isigawanyike, imetumika kwenye kibofu kwa miongo mingi. Kibofuni mgonjwa anaweza kujizuia kwa muda. Ndani ya figo na kwenye mrija unaoshuka kutoka humo, hakuna wa kujizuia: mkojo hutiririka usiku na mchana na kuisomba dawa kabla haijafanya la maana. Ndiyo maana wagonjwa wengi wenye uvimbe huko huishia kutolewa figo pamoja na mrija wake.

Hapa ndipo polima, yaani molekuli za minyororo mirefu zinazochanganywa na mitomaisini kuunda jeli hii, inapoingia, na hapa niruhusiwe kujikita kidogo. Mafuta ya nazi huganda kwenye baridi na kuyeyuka kwenye joto. Polima hii hufanya kinyume. Kila mnyororo wake una sehemu tatu: mbili za pembeni hupenda maji, ya katikati huyakwepa. Ikiwa baridi, maji huizingira ile ya katikati na kuishikilia, kila mnyororo ukaelea peke yake, na dawa ikapita kwenye katheta bila shida. Ikipata joto la mwili, maji huachia. Sehemu za katikati hukimbiliana na kujificha pamoja, zikaunda vijitufe ambavyo kwa nje vimezungukwa na mikia inayopenda maji. Vijitufe hivyo huongezeka, vikabanana na kujipanga hadi kimoja kisiweze kukipita kingine. Imeganda, mitomaisini ikiwa imenaswa ndani. Ukiipoza tena, hurudi kuwa majimaji. Kisha mkojo huimomonyoa taratibu, kwa saa 4 hadi 6, na dawa hutoka kidogo kidogo palepale penye uvimbe.

Katika utafiti uliofungua njia ya idhini ya jeli ya kwanza, Aprili 2020, wagonjwa 71 wenye saratani ya daraja la chini kwenye figo au mrija walitibiwa kwa jeli hiyo, mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Kati yao, 42 hawakukutwa tena na uvimbe. Lakini 31 walipata tatizo la mrija kusinyaa. Kwa hiyo anayekwambia "ni jeli tu, haina madhara" hajui anachokisema.

Au anajua, ila ana chupa za kuuza. Nimetumiwa matangazo ya jeli ya mshubiri eti "inafanya kazi kama ile ya Marekani", ya kunywa, kwa saratani ya titi, tezi dume na kizazi. Ya kunywa! Ikimeng'enywa tumboni, itafikaje kwenye titi ikiwa jeli? Tena mshubiri hauna mitomaisini. Baada ya foleni za kikombe cha Loliondo, dawa ya kunywa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, mwaka 2011, nilidhani tungekuwa wagumu zaidi kushawishika.

Kwetu kuna jambo jingine. Saratani ya kibofu inayotokana na kichocho, ugonjwa uliozoeleka pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, mara nyingi ni ya aina tofauti, na jeli hizi hazikuidhinishwa kwa ajili yake. Damu kwenye mkojo, hata isipouma, hata ikitoka mara moja tu, ni sababu ya kwenda hospitali. Si dalili ya kijana kubalehe, kama baadhi wanavyodhani. Sigara nayo huchangia saratani ya kibofu; iache. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, na damu ikiendelea baada ya hapo, omba kibofu kiangaliwe kwa kamera.