Birika la Kioo: Bahari Ndogo Isiyotaka Haraka

Msomaji aliyelelewa katika nyumba za kale za Lamu, au aliyewahi kuzuru moja ya nyumba hizo, atakumbuka birika la maji na samaki wadogo waliokuwa wakiogelea ndani yake. Samaki hao hawakuwekwa kwa urembo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Tena wazee wetu walikuwa na hekima hata wakazika bakuli la kauri la Kichina katika sakafu ya birika, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi mpaka yajazwe mengine. Basi kufuga samaki nyumbani si jambo geni kwetu watu wa pwani. Lililo geni ni kufuga samaki wa maji ya chumvi, pamoja na mawe na matumbawe yao, ndani ya birika la kioo sebuleni.

Mimi shauku hiyo ilinipata mwaka 2021. Fundi wa vioo alinitengenezea birika la urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 35, likagandishwa kwa gundi ya silikoni. Ukiliweka mchanga na mawe linabaki na nafasi ya lita 60 hivi za maji. Nikasema moyoni, sisi bahari tunayo mlangoni, wenzetu wa Ulaya hununua chumvi ya viwandani wakaikoroga. Kipi kitanishinda?

Siku ya Jumamosi, maji yalipokupwa, nilishuka pwani na ndoo. Nilirudi na maji, mchanga, samaki watatu wadogo wa buluu, na tumbawe moja la mviringo, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, ambalo nililing'oa kwa tindo. Kufikia Isha kila kitu kilikuwa ndani ya kioo na taa imewashwa. Majirani walikuja kutazama. Watoto walikataa kulala.

Jumanne maji yalikuwa meupe kama tui, na sebule inanuka. Tumbawe lilikuwa limetoa ute, na chini ya ute ule lilibaki jiwe tupu, jeupe pe. Samaki walistahimili kwa kuwa nilibadilisha maji mbiombio, lakini nao hawakuishi. Kila jioni niliona maji yamepungua kwa kukauka, nami nikawa nikijazia lita moja ya maji ya bahari. Mwezi haukwisha, wote watatu walikuwa wameelea juu.

Hesabu yake ni nyepesi mno, na aibu yangu ni kwamba sikuifanya. Maji ya bahari yetu yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji yanapokauka, yanayopaa ni maji matupu, chumvi yote husalia ndani. Ukijazia tena kwa maji ya bahari, kila lita inaongeza gramu 35 nyingine. Katika birika la lita 60 lenye gramu 2100, baada ya siku 30 utakuwa na gramu 3150, yaani zaidi ya 52 kwa lita. Nilikuwa nikiwatia samaki wale chumvi kama mtu anayetengeneza ng'onda! Kinachojaziwa ni maji baridi, yasiyo na chumvi.

Jirani yetu mmoja, mvuvi mzee ambaye mtaa mzima twamwita Ami, alinikuta nikilitupa lile tumbawe. Akalishika akalizungusha mkononi.

"Mwanangu, hili walijua umri wake?"

"La, Ami."

"Basi usilitupe. Liweke ulitazame."

Baadaye ndipo nilipojua alichokuwa akiniambia. Tumbawe la aina ile, ambalo wataalamu huliita Porites, hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Kipande changu, tangu kitovu chake hadi ukingoni, kilikuwa na sentimita nane au zaidi. Lilikuwa limelingana umri na binti yangu, nami nilikuwa nimelimaliza kwa siku nne. Ni aina hiyo hiyo ambayo mafundi wa kale waliikata baharini ingali laini wakachonga mihirabu na vidaka, lakini kazi yao ikasimama mamia ya miaka, yangu ikaishia jaani.

Fauka ya hayo, si mimi wa kwanza kutenda hivyo. Huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Philip Henry Gosse alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoitwa The Aquarium, akiwafundisha watu namna ya kufuga viumbe vya bahari nyumbani. Kitabu kiliwasha moto. Watu walimiminika pwani na ndoo na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu chake cha Father and Son cha mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya mawe alivyovijua utotoni vilikuwa vimekombwa, na kwamba baba yake, aliyevipenda kuliko watu wote, ndiye aliyefungua mlango huo.

Sisi hatuna ruhusa ya kufika huko. Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1968, na Mombasa mwaka 1986, na ndani ya hifadhi hizo haiondolewi hata kombe. Matumbawe magumu yamo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hayasafirishwi nje bila kibali. Tena miamba yenyewe imekwisha kupata pigo. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kwa majuma mengi na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa. Yamerudi kupauka mara nyingine baada ya hapo, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba mpauko umeenea tena duniani.

Hapa pana jambo la kufafanua. Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni wanyama wadogo wadogo, wengi, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Joto likizidi kwa muda, mwani hutolewa nje, tumbawe likabaki jeupe. Likikaa hivyo mno, hufa kwa njaa. Yanayotokea baharini kwa majuma, ndani ya lita 60 hutokea kwa alasiri moja ya kaskazi madirisha yakiwa yamefungwa.

Nilikaa karibu mwaka mzima birika likiwa tupu. Mama watoto alikwisha kulitia macho aweke vyombo. Na mamangu naye aliniuliza swali ambalo lilinichoma zaidi: je, ni halali kumfunga kiumbe wa Mungu kwa ajili ya kumtazama? Nikampelekea swali hilo maalimu wetu. Akanikumbusha hadithi mbili ambazo msomaji anazijua: ile ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa njaa, na ile ya mtoto Abu Umayr na kijidege chake. Wanavyuoni wengi wameruhusu kufuga, akasema, kwa sharti kwamba anayefugwa alishwe na asidhikishwe. "Wewe uliwadhikisha," akaongeza, wala hakucheka.

Ndipo nikaanza upya, na safari hii sikuanza na samaki.

Nilianza na mawe, tena ya nchi kavu. Mji wa Mombasa umesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya zamani sana, wa zama ambapo bahari ilikuwa juu kuliko leo, na machimbo ya upande wa kaskazini hukata mawe hayo kwa ujenzi hadi leo. Nilichagua vipande vyenye matundu mengi, vyepesi mkononi. Nilivisugua kwa brashi ngumu, nikaviloweka katika maji baridi kwa majuma matatu, nikibadilisha maji kila yakichafuka, mpaka udongo mwekundu ukaisha. Jiwe lililotoka katika ukuta uliobomolewa silipendekezi, kwani lina rangi, saruji na mengineyo yasiyojulikana.

Halafu maji. Sikuchota tena karibu na mji, penye maji machafu na mafuta ya vyombo, wala wakati wa masika mito inapomwaga tope. Nilichota wakati maji yamejaa, katika pwani inayoelekea bahari kuu, nikayachuja kwa kitambaa cha melimeli, nikayaacha majuma mawili katika mitungi ya plastiki iliyofunikwa, mahali pa giza.

Kisha nikangoja. Hapa ndipo wengi huanguka. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula huoza yakatoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi sokoni Marikiti. Huota wenyewe juu ya mawe na mchanga, na huchukua majuma manne hadi sita au zaidi kufikia idadi ya kutosha. Mimi nilitia kipande cha kamba mbichi kioze, pamoja na vikombe viwili vya mchanga kutoka kwa rafiki ambaye birika lake lina miaka mingi, ili mbegu ya bakteria ipatikane. Pampu ndogo ikawa inazungusha maji usiku na mchana. Kwa vile vichupa vya dawa ya matone niliona amonia ikipanda, kisha ikashuka, naitraiti ikapanda badala yake, kisha nayo ikashuka. Siku ya 41 zote mbili zilisoma sufuri.

Siku 41 za kutazama mawe! Wageni wakiingia waliniuliza samaki wako wapi. Baadaye mawe yakavaa mwani wa rangi ya kahawia kama kutu, kisha wa kijani kama ukoka, na mama watoto akauliza kama hii ndiyo bahari niliyomwahidi. Nikatia konokono watano na kaa wadogo wawili wa wale wanaohamia makombe ya wengine, nao wakaanza kula mwani.

Kuhusu mawe haya hai, sifa moja imwendee Bwana Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, ambaye mwaka 1961 alieleza katika gazeti la wafugaji samaki la Marekani namna alivyoweka matumbawe hai kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye uhai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu. Wazungu wakati ule walikuwa wakihangaika na mashine. Naye alikuwa mtu wa nchi ya joto kama sisi, bahari i karibu naye.

Samaki waliingia wawili tu, mwezi wa tatu. Ni wale wa rangi ya kahawia iliyokoza wenye mistari miwili myeupe, ambao huko baharini hukaa ndani ya yule mnyama laini mwenye vidole vingi vya kuwasha. Yeye sikumleta. Ni mgumu kufuga, na samaki hao huishi bila yeye. Matumbawe niliyonayo ni laini, yasiyojenga jiwe, na yote yametokana na kipande cha ukubwa wa ukucha kilichomeguka katika birika la yule rafiki. Leo yamefunika jiwe zima. Saa nane kwa siku yanawashiwa taa za LED, nyeupe na buluu.

Kazi ya kila siku si kubwa. Binti yangu amechora mstari kwa kalamu ya wino juu ya kioo, na kila asubuhi kabla ya shule hujazia maji mpaka hapo. Maji yenyewe ni ya mvua, tuliyokinga wazi katika beseni za plastiki. Ya paa la mabati hatuyatumii, kwa sababu zinki ya mabati na shaba ya mifereji ya zamani ni sumu kwa konokono na matumbawe. Kila Ijumaa asubuhi natoa lita 6 nikarudisha lita 6 mpya za bahari, na hilo linatosha kuondoa naitreti na kuleta chokaa mpya.

Linalonitia hofu ni joto na stima. Miezi ya kaskazi maji hufika digrii 30, nami huelekeza feni ndogo juu ya maji. Hupoza kwa digrii mbili hivi, ila maji hukauka haraka zaidi na kazi ya binti huongezeka. Stima ikikatika, pampu husimama, na hewa katika maji hupungua. Kwa hiyo ninayo pampu ya betri, nayo nimeijaribu mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa mtaani, amekwisha kununua kioo. Nilimweleza habari yote, nikampa vichupa vyangu vya kupimia na mawe mawili, nikamwambia arudi kwangu baada ya majuma sita. Akarudi baada ya siku kumi, na mfuko wa plastiki mkononi, ndani mna samaki wanne.

"Mjomba, nimewapata rahisi," akasema.

Tukapima maji yake. Tone la amonia likageuka kijani mara moja. Ilikuwa saa kumi na moja unusu, maji yanajaa. Tukashuka naye mpaka pale alipowavulia, tukawaachilia, tukarudi kusali Maghribi.